Samaki wa Chaki

Neema, na wenzako wote mliobaki ghalani,

Siku mliponiaga mliniomba niwaandikie maelekezo ya kazi ya kupokea mpunga. Nimejaribu kweli. Nilijaza ukurasa mzima, kisha nikaona kila nililoandika kile kipima unyevu chenu kinalijua kuliko mimi, nikauchana. Nimeona afadhali niwasimulie nilivyoishi na kazi hiyo, nanyi mtachukua cha kuwafaa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Kazi yangu kwa miaka yote ile ilikuwa moja tu, kusimama mbele ya gunia la mtu na kusema ndiyo au hapana. Watu walidhani napima mpunga. Mpunga ulipimwa na mzani. Mimi nilikuwa nakubali au nakataa, na kati ya mambo yote niliyofanya mikono hii ikiwa na nguvu, sijaona gumu kuliko hilo.

Nilifika ghalani kwa mara ya kwanza nikiwa nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu mjomba aliniambia naenda kufanya kazi ya ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa uwanja wa vumbi, mzani wa mawe, foleni ya malori na mikokoteni ya ng'ombe, na mzee mmoja mfupi aliyevaa koti la khaki lililomfika magotini. Huyo ndiye Mzee Gaspari, Mndamba wa Mofu, mpokeaji mkuu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anatazama viatu vyangu.

"Binti, umewahi kulala dunguni?"

Nikamwambia mimi ni wa Kiberege, na kila msimu mama yangu alituhamishia shambani, tukalala kwenye kibanda cha juu ya miti tukipigia ndege kelele tangu alfajiri hadi jua linazama. Sauti yangu hii mnayoilalamikia nimeipata huko.

"Basi nusu ya kazi unaijua," akasema. "Nusu nyingine nitakufundisha. Kesho uje na ndala."

Alianza kunifundisha kwa bambo. Ninyi mnalo la chuma cha pua kutoka dukani, linang'aa kama kijiko cha sherehe. La Mzee Gaspari lilikuwa bomba la chuma lililochongwa ncha, na mpini wa mninga alioutengeneza mwenyewe. Unalidunga kwenye gunia, wenyewe tukiita kuchoma, linarudi na ngumi moja ya mpunga kutoka ndani. Alinionyesha kwamba halidungwi juu, kwa sababu juu ndiko kila mtu anakoweka mpunga wake mzuri. Linaingia chini, kwa mshazari, kisha ubavuni. Kwa bambo lile nimewahi kutoa mchanga, mapepe matupu, vipande vya tofali, na siku moja gunia lilipofunguliwa akatoka chura mzima wa afya njema. Mwenye gunia aliapa kwa watakatifu wote kwamba chura hakuwa wake.

Ukishatoa mpunga unautazama, unaunusa, kisha unauma punje moja. Punje kavu inakatika na kutoa mlio. Punje mbichi inabonyea. Kipima unyevu kilipoletwa niliendelea kuuma kwanza na kupima baadaye, na tulipotofautiana, mara nyingi jino langu ndilo lililoshinda. Kuna siku moja lilishindwa, na hiyo sitaieleza.

Mwisho wa yote ilikuwa chaki. Kila mpokeaji alikuwa na alama yake, na ya Mzee Gaspari ilikuwa samaki, mwili na mkia kwa mstari mmoja bila kuinua mkono. Wiki nzima ya kwanza hakuniruhusu kugusa chaki. Alipoona nimeshajua kudunga na kuuma, aliniweka mbele ya gunia lililokaguliwa.

"Sikiliza vizuri, Skola. Bambo ni kuuliza. Chaki ni kujibu. Ukishachora samaki, gunia hili si la mkulima tena. Likilowa, limelowa letu. Panya akilitoboa, katoboa la kwetu. Mkulima haruhusiwi hata kuligusa."

Nikamuuliza kwa nini asiliguse na amelilima mwenyewe. Akaniambia kuna waliokuwa wakisubiri chaki ipite, kisha wanabadilisha gunia mpokeaji akigeuka. Ndiyo maana ikawekwa sheria ile. Lenye samaki, mkulima akae nalo mbali, wabebaji wa ghala ndio walishughulikie.

"Kwa hiyo usijibu kabla hujauliza," akamalizia, akanipa chaki.

Alipostaafu aliniachia koti, bambo na samaki. Wapokeaji wengine waliona ni ajabu mwanamke wa Kiberege kuchora samaki wa Mofu. Baada ya misimu miwili wakazoea, wakaanza kuniita Mama Bambo, jina ambalo hata padri alilitumia siku ya ubatizo wa mwanangu wa pili.

Nilipozama katika kazi hii nilianza kuona kukubali na kukataa kila mahali. Chukueni ndoa yangu. Barua ya posa ilipoletwa kwetu, shangazi aliingia jikoni kuniuliza kama namkubali Desideri, fundi baiskeli wa Ifakara. Wakati huo mdomo wangu ulikuwa umejaa ubwabwa wa moto. Nikawa nahema tu, siwezi kutamka neno. Shangazi akarudi sebuleni na kutangaza, "Amenyamaza, amekubali." Wageni wakapiga vigelegele. Bahati nzuri nilikuwa nimempenda tangu aliponizibia pancha bila kunitoza, lakini hadi leo tukigombana humkumbusha kwamba mimi sikuwahi kusema ndiyo. Naye hujibu kwamba ubwabwa ule ulisema kwa niaba yangu.

Au chukueni simu hizi mlizonifundisha kutumia. Kila ukifungua kitu kinakuletea maandishi marefu kama misa ya Pasaka, na chini kitufe cha "Nakubali". Wewe Neema ulinambia, "Bibi, bonyeza tu." Nikabonyeza tu. Tangu siku hiyo nyota yangu inanitumia ujumbe kila asubuhi kunieleza nitapata mchumba. Desideri hajafurahi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo baadhi yenu mmelisikia vipande vipande, maana nataka mlisikie kwangu.

Kulikuwa na mkulima wa Mofu aitwaye Filomena, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka michache, kwa hiyo nilimwita dada Filo. Kwa miaka kumi na sita alileta mpunga kwangu, na kwa miaka kumi na sita bambo langu halikutoa kwake hata punje moja yenye kasoro. Alilima Kula na Bwana, aina ile ya zamani yenye harufu, na alipepeta mpaka unaona aibu kuusogelea na mikono michafu. Alikuwa akinibebea kambale wa kukaushwa, amefungwa kwa majani ya mgomba, na alinikabidhi baada ya kazi kwisha, kamwe si kabla, ili mtu asije akadhani ananinunua. Nilimpenda sana mwanamke yule. Sikuwa nimewahi kumwambia, kwa sababu uwanjani pale hatukuwa na kawaida ya kuambizana mambo hayo.

Msimu ninaousema, mafuriko yalikuwa yameingia nyumbani kwake mara mbili, na mara ya pili ukuta wa nyuma ulianguka. Akaamua kuvuna, kuuza kila kitu, na kujenga nyumba ya tofali na mabati kwenye kiwanja chake cha mwinuko kabla masika hayajarudi. Wakati huo alikuwa amejihifadhi kwa mkwewe, analala chumba kimoja na wajukuu wanne. Alileta magunia thelathini na nane. Nyumba yake yote ilikuwa ndani ya magunia yale.

Siku ile uwanja ulikuwa umejaa. Mzani ulikuwa umekwama tangu asubuhi na fundi alikuwa hajafika. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya milima ya Udzungwa, nasi tukajidanganya kwamba masika yalishaisha. Fuso lililotoka Mofu lilishusha mzigo wa Filomena kwenye kona ya uwanja. Nikamwendea na koti langu na bambo langu, nimechoka, watu nyuma yangu wananiita Mama Bambo huku, Mama Bambo kule.

Nikatazama magunia yale yaliyoshonwa kwa mkono wake. Nikasema kwa sauti, ili na wengine wasikie namna ninavyomheshimu:

"Dada Filo, mpunga wako siuchomi."

Nikachora samaki. Thelathini na nane, mmoja baada ya mwingine, bila kutumbukiza bambo hata mara moja. Yeye akacheka, akaona haya kidogo kama bibi harusi. Katika maisha yangu yote ya kazi hiyo ndiyo siku pekee niliyojibu kabla ya kuuliza, na nilifanya hivyo kwa furaha.

Kisha Filomena akatazama lile wingu. Alikuwa na turubai lake, limekunjwa juu ya mzigo.

"Skola, ngoja nilitandaze hili turubai juu yake. Hali ya hewa siielewi."

"Acha, usiguse," nikamwambia. "Mzigo wenye samaki ni wetu. Wabebaji watafunika. Wewe nenda kanywe chai, umetoka mbali."

Akanitii. Akakunja turubai lake, akaliweka kwapani, akaenda kwa mama lishe nje ya geti.

Mvua ilishuka kabla hajamaliza kikombe. Niliwapigia wabebaji kelele walete turubai la ghala. Turubai la ghala lilikuwa limefunika mifuko ya saruji nyuma ya ofisi, saruji ambayo haikuwa ya ghala wala ya mkulima yeyote, na ufunguo wa kule nyuma alikuwa nao meneja. Meneja alikuwa mjini. Tukavuta magunia kwa mikono, tukaokoa ya watu waliokuwa karibu na mlango. Ya Filomena yalikuwa kona ya mbali. Aliingia anakimbia na turubai lake, tukalitandaza pamoja, lakini maji yalikuwa yameshasimama chini na kupanda ndani ya magunia. Mpunga uliolowa namna ile, siku ya tatu unaanza kuota. Yeye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

Meneja alirudi mvua ilipokatika. Alizunguka mzigo, akaona hauna hati ya kupokelea, kwa sababu mzani ulikuwa haujafanya kazi, akasema mzigo haujapimwa, haujaandikwa, kwa hiyo haujapokelewa, mama auchukue akauanike kwake. Filomena akasema umepokelewa, mpokeaji mwenyewe huyu hapa. Meneja akanigeukia.

"Mama Skola, huu mzigo umeupokea?"

Nikatazama magunia. Maji yalikuwa yamefuta chaki yote. Hapakuwa na samaki hata mmoja, ni madoa meupe tu yanayotiririka.

Neema, mnanijua. Mimi ndiye niliyewaambia kila siku kwamba hakuna gunia linalopita bila bambo. Niliwahi kumfukuzisha kazi mpokeaji mwenzangu kwa kosa hilohilo. Kusema ndiyo ilikuwa ni kusema mbele ya uwanja mzima kwamba Mama Bambo amechora samaki thelathini na nane kwa macho tu. Nilifungua mdomo. Filomena alikuwa ananitazama, maji yanamtiririka usoni, hana wasiwasi hata kidogo, anasubiri tu niseme. Nikafunga mdomo. Nikanyamaza.

"Unaona," meneja akamwambia.

Filomena hakunitukana. Alishika turubai lake, akaanza kutafuta gari la kurudisha mzigo.

Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, juu ya baiskeli, katikati ya watu wanaonisalimu.

Alianika alichoweza. Magunia machache aliyauza kwa wafugaji wa kuku, mengine yaliota. Mwezi uliofuata akaenda kufungua madai mahakama ya mwanzo, akitaka ghala limpe mpunga mkavu, gunia kwa gunia. Nami nikaitwa kama shahidi wa upande wa ghala.

Meneja alinikalisha ofisini akanielekeza, tena kwa upole. "Mama, wewe sema tu chaki ni ya kuhesabia foleni. Na kweli hukukagua, si ndiyo? Basi. Hukukagua, hukupokea. Hapo hujadanganya." Nikarudi nyumbani nimebeba maneno hayo. Yalikuwa matamu kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Sikukagua. Ningeweza kusimama na kiapo na kusema ukweli mtupu, na Filomena akakosa nyumba.

Asubuhi ya kesi Desideri alikuwa uani anajaza upepo gurudumu la baiskeli yangu. Nikamweleza mambo yote, habari ya bambo, ya hati, ya chaki ya foleni. Alisikiliza bila kuacha kupampu.

"Mke wangu, wewe siku ile ulimwambia asiguse?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia mzigo ni wenu?"

"Nilimwambia."

"Basi ulipokea," akasema, akafunga kifuniko cha valvu. "Upepo tayari. Nenda."

Hakimu alikuwa binti wa umri wako, Neema, ana miwani na sauti ndogo, na pembeni yake wazee wa baraza wawili. Meneja alieleza habari ya mzani na hati. Filomena akaeleza yake kwa maneno machache. Nikapanda mimi.

"Shahidi," hakimu akaniuliza, "ile alama ya samaki maana yake nini?"

"Maana yake nimepokea, Mheshimiwa."

Meneja akakohoa.

"Ulikagua magunia yale kabla ya kuweka alama?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

Hapo niligeukia mabenchi. Hukumu ya kwanza niliyoiogopa ilikuwa ya wale wakulima waliojaa kwenye mabenchi, ambao nusu yao nilishawahi kuwarudisha nyumbani na magunia yao kwa ajili ya punje moja iliyobonyea.

"Kwa sababu nilimwamini," nikasema. "Bambo langu halikuingia hata gunia moja. Nilivunja sheria niliyofundishwa na ninayoifundisha. Lakini niliupokea. Nilimwambia mzigo ni wetu. Alitaka kuufunika kwa turubai lake, nikamkataza. Angeufunika, usingelowa."

Mzee mmoja wa baraza akainua kichwa. "Ina maana ulipokea bila kuangalia?"

"Nilipokea bila kuangalia, mzee wangu."

Watu wakacheka mabenchini, nami nikacheka kidogo nikiwa nalia, ndivyo nilivyokuwa.

Hakimu alipotoa uamuzi alieleza taratibu kama mwalimu wa darasa la pili, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema kukubali hakuanzi kwenye karatasi. Karatasi inaweka kumbukumbu tu. Mtu anakubali kwa neno au kwa tendo ambalo mwenzake anaweza kulitegemea, na huyu mama alitegemea, akakunja turubai lake. Kama mpokeaji hakukagua, hilo ni kosa la ghala na mpokeaji wake, wayamalize wenyewe. Lisimwangukie aliyeleta mzigo mzuri. Kisha akaongeza jambo moja ambalo nadhani halikuwa la lazima kwa kesi ile. Alisema meneja alichukua ukimya wa shahidi siku ya mvua kama jibu, na ukimya si jibu. Mtu aliyenyamaza hajakubali wala hajakataa, bado anadaiwa neno. Aliponitazama niliinamisha macho.

Ghala likatoa magunia thelathini na nane ya mpunga mkavu. Mimi niliondolewa uwanjani msimu mzima, nikawekwa kushona magunia yaliyotoboka. Nilishona. Ilikuwa haki, na vidole vilipona.

Filomena alijenga. Mabati yaliwekwa kabla ya masika, niliyaona yanametameta nilipokwenda Mofu kumwomba msamaha. Nilibeba kilo mbili za sukari na kitenge. Akanikaribisha vizuri kwenye nyumba mpya, akanipikia ubwabwa na kambale. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba la kutochoma siku ile sijutii, ninalojutia ni kunyamaza, na kwamba kama ningeweza kurudisha siku moja tu ya maisha yangu ningerudisha ile. Alisikiliza hadi mwisho. Akachukua sukari na kitenge kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu anavyopokea zawadi.

"Nimesikia, Skola," akasema.

Nilisubiri lingine. Halikuja. Akanisindikiza hadi barabarani, akanitakia safari njema.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Desideri, "Amesema amesikia." Desideri akasema huo ni mwanzo. Ukawa mwanzo mrefu.

Niliporudishwa uwanjani msimu uliofuata, alikuja na mpunga wake kama kawaida, kwenye foleni yangu. Nikamwamkia, akaitika. Nikafika kwenye magunia na chaki mkononi. Akasimama mbele yangu.

"Choma," akasema.

Nikachoma la kwanza.

"Choma yote."

Nikachoma yote. Nikauma punje moja ya kila gunia, yeye amesimama pembeni na turubai lake kwapani. Hakulifungua, ila hakulishusha hata siku moja. Ikawa hivyo kila msimu. Choma, choma yote. Mpunga safi mno, kila mwaka, na kila mwaka namtoboatoboa kama mwizi anayeshukiwa. Kambale wa kukaushwa hakuja tena. Ninyi mlioajiriwa miaka hiyo mlidhani ni mkulima mkali anayependa taratibu. Mlimsifu. Wewe Neema uliwahi kuniambia, "Bibi, wote wangekuwa kama yule mama wa Mofu, kazi ingekuwa rahisi." Nikakujibu ni kweli, nikaenda kuosha uso.

Sikumlaumu, maana alikuwa na haki yake. Yeye ndiye aliyeletewa mzigo sasa, ule wa msamaha wangu, yeye ndiye mpokeaji, na hakuna sheria inayomlazimisha mpokeaji kuchora samaki kwa sababu tu umesimama uwanjani muda mrefu. Nimewaona wakulima wengi wakinisukuma nipokee haraka kwa sababu jua linawachoma wao. Sikutaka kuwa mkulima wa namna hiyo.

Basi ikafika siku yangu ya mwisho, ile mliyoniaga kwa soda na keki yenye jina langu. Mlikuwepo wengi mkipiga picha, kwa hiyo labda hamkuona alipoingia getini. Haukuwa msimu wa mpunga. Alikuja kwa bodaboda, amevaa kile kitenge nilichompelekea, kimeshapauka, na mkononi ana kifurushi cha majani ya mgomba. Nilikijua kwa harufu kabla hajanifikia.

Hakunipa mara moja. Alikiweka mezani, penye chombo cha chaki, akachukua chaki moja.

"Simama vizuri," akaniambia.

Nikasimama, nimevaa koti la Mzee Gaspari. Akashika mkono wangu wa kushoto, akaunyoosha kama mtu anayenyoosha gunia lililokunjamana, na kwenye mkono wa koti, juu kidogo ya kiwiko, akachora. Hakuwa na mazoezi. Samaki wake alikuwa mnene, na mkia ulienda upande.

Nikasema kwa kutania, maana sikuwa na njia nyingine, "Dada Filo, hukuchoma kwanza."

"Wewe sikuchomi," akasema.

Kisha akanipa kambale.

Bambo nimekuachia wewe, Neema. Koti sikukuachia, na nilikuambia ni kwa sababu limechakaa. Ukweli ni kwamba lipo hapa nyuma ya mlango wa chumba chetu. Desideri anasema linanuka vumbi la ghala na samaki mkavu, ananiuliza kila Jumamosi nitalifua lini. Simjibu. Safari hii ninajua ukimya wangu una maana gani, naye anajua.